UZI: Kurudia upasuaji wa kupunguza uzito (slivu au bendi kwenda baipasi): maandalizi, siku za wodini na miezi ya mwanzo

#1 MwanaLishe_Tanga

Habari wakuu. Uzi huu ni wa watu ambao tumbo lao lilishafanyiwa kazi mara moja na sasa wanafikiria mara ya pili, yaani baipasi: kifuko kidogo cha tumbo kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo. Kuna aliyefanyiwa slivu, tumbo likakatwa robo tatu au zaidi likabaki kama bomba, halafu uzito ukarudi au kiungulia kikawa hakimwachi alale. Na kuna aliyefungwa bendi, pete inayobana sehemu ya juu ya tumbo, bendi ikasogea. Wengi walifanyiwa ya kwanza India au Uturuki, wakarudi nyumbani na karatasi moja tu ya kuruhusiwa.

Kabla ya kuuliza bei, tafuta sababu. Kisu kinarekebisha umbile: slivu iliyoachwa pana sehemu ya juu, slivu iliyojikunja katikati chakula kikawa kinakwama, tumbo lililopenya juu kwenye tundu la kiwambo cha pumzi, asidi inayopanda kooni, bendi iliyosogea au iliyotoboa ukuta wa tumbo na kuingia ndani. Kisu hakirekebishi chai ya sukari vikombe vitano na maandazi ya kuchovya. Tumbo dogo linazuia ugali na nyama. Vinywaji vitamu, uji wa sukari, krispi na biskuti vinateleza tu, na mtu anaweza kurudisha kilo zote bila kushiba hata siku moja.

Kwa hiyo, andika kila kinachoingia kinywani kwa siku saba, pamoja na saa. Peleka daftari hilo kwa mtaalamu wa lishe kabla ya kumwona mpasuaji. Wakati huo huo fanya vipimo viwili vya umbile: kamera ya tumboni (OGD), na X-ray ya kumeza dawa ukiwa umesimama. Kamera inaonyesha michubuko ya umio na vidonda, na kwa kuchukua sampuli, bakteria wa pylori (wanaoleta vidonda vya tumbo). X-ray inaonyesha umbo: wapi pametanuka, wapi pamejikunja, dawa inashuka kwa kasi gani. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Slivu iliyojipinda inaweza kupitisha kamera vizuri kabisa, kisha X-ray ikaonyesha dawa imesimama juu ya kona.

Na tafuta ripoti ya operesheni ya kwanza. Simaanishi karatasi ya kuruhusiwa. Namaanisha ile aliyoandika mpasuaji mwenyewe: bomba la kupimia lilikuwa na unene gani, walianza kukata umbali gani kutoka mlango wa chini wa tumbo, kulitokea kuvuja au la. Andika barua pepe mapema, maana hospitali za nje zinaweza kuchukua wiki kadhaa kujibu.

#2 Binti_Mzizima

Shukrani mkuu. Swali: kama kamera na X-ray zinaonyesha slivu imetanuka, kwa nini wasiikate tena iwe nyembamba? Inaonekana rahisi kuliko kugusa utumbo.

#3 NesiTheatre

Dada, inafanyika, lakini kwa watu wachache: kipande cha juu kilibaki wazi wazi na mhusika hana kiungulia kabisa. Ukiwa na kiungulia, kukata tena ni kuongeza tatizo. Slivu ni bomba jembamba ambalo mlango wake wa chini bado una misuli inayobana. Ukilifanya jembamba zaidi, msukumo ndani unapanda, na asidi haina pa kwenda ila juu. Kiungulia cha miaka kinaweza kubadilisha utando wa umio, hali inayoitwa Barrett, na hiyo inafuatiliwa kwa sababu inaongeza hatari ya saratani ya umio.

Baipasi ya Roux (ile yenye viunganisho viwili) inatatua hilo kwa njia mbili. Kifuko kinachobaki juu ni kidogo, kama mililita 30, na kina chembe chache za kutengeneza asidi. Halafu hakina mlango unaobana: chakula kinashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Nyongo nayo inaletwa mbali chini, kwa kawaida sentimita 100 hadi 150 kutoka kwenye kifuko, kwa hiyo haipandi.

Kuna baipasi ya mshono mmoja pia. Ni fupi kuifanya, na kwa uzito inafanya kazi nzuri, lakini nyongo inapita karibu na mshono wa kifuko. Mtu anayerudi kwa sababu ya kiungulia kikali, mimi nisingemshauri hiyo. Na ukiambiwa wataruka zaidi ya mita 2 za utumbo, uliza watabakisha urefu gani wa kunyonya chakula na kama wataupima utumbo wote kwanza. Utumbo wa watu haulingani urefu, na hapo ndipo utapiamlo unapoanzia.

#4 Mkuu_wa_Pwani

Na bendi? Inatolewa na baipasi inafanyika siku hiyo hiyo, au mara mbili? Watu wengi wanataka usingizi mmoja na bili moja.

#5 NesiTheatre

Inategemea kovu. Bendi inazungukwa na kovu gumu kama pete. Mpasuaji akiunganisha pini juu ya kovu hilo, tishu ni nene, damu inafika kidogo, na hapo ndipo panapovuja. Bendi iliyotoboa ukuta wa tumbo haina mjadala: inatolewa kwanza, tumbo linapona miezi mitatu hadi sita, ndipo hatua ya pili. Bendi iliyokaa vizuri lakini haikupunguza uzito inaweza kufanyika mara moja, ikiwa mpasuaji ana uzoefu wa marudio na maji yanayoikaza bendi yalitolewa wiki kadhaa kabla.

#6 MwanaLishe_Tanga

Hapo tunatofautiana kidogo. Hata kwenye bendi isiyo na tatizo ningependelea hatua mbili kama umio juu yake umetanuka kwenye X-ray. Umio uliotanuka unahitaji muda kurudi, na mtu anapaswa kumeza vizuri kabla ya kuanza maisha ya kifuko kidogo. Ukweli ni kwamba katikati ya hatua mbili uzito unapanda. Hilo aambiwe mapema ili asikate tamaa.

#7 MfamasiaMwanza

Niingie kwenye wiki nane za kabla, maana hapa ndipo watu wa marudio wanatofautiana na wa mara ya kwanza. Aliyeishi na slivu miaka mitano mara nyingi ameshaishiwa akiba bila kujua. Pima: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), B12, foleti, vitamini D, kalsiamu pamoja na homoni ya parathiroidi, albumini, figo, ini, na sukari ya miezi mitatu (HbA1c). Feritini inapanda kukiwa na uambukizi, kwa hiyo ikisoma "kawaida" wakati una homa au jipu, usiiamini. Damu ikiwa chini, chuma cha vidonge kinachukua miezi. Cha kwenye mshipa kinapandisha ndani ya wiki chache. Ndiyo maana nasema wiki nane, si wiki mbili.

Pylori wakiwepo, tibu siku 14 kamili, kisha thibitisha wamekwisha kwa kipimo cha choo au cha pumzi. Subiri wiki nne tangu umalize antibayotiki, na omeprazoli iwe imesimama wiki mbili. Ukipima mapema unapata jibu la uongo. Kipimo cha damu hakifai kuthibitisha, kwa sababu kingamwili zinabaki muda mrefu hata baada ya kupona. Baada ya baipasi tumbo kubwa linabaki mwilini lakini kamera ya kawaida haifiki tena humo, kwa hiyo hii ndiyo nafasi ya kulisafisha.

Sigara, shisha na ugoro: acha angalau wiki sita kabla, na usirudi. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, mshono haupati damu, unatoboka au unaota kidonda. Kipimo cha mkojo kinaonyesha, na wapo wapasuaji wanaoahirisha siku ile ile.

Sindano za kupunguza uzito za aina ya semaglutaidi: mwambie daktari wa usingizi, hata kama ulinunua mwenyewe. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na ukilazwa usingizi na tumbo lenye chakula kinaweza kuingia mapafuni. Wengine watakusimamisha dozi, wengine watakupa vimiminika tu kwa saa 24. Aamue yeye. Na kwa mtu ambaye umbile lake halina kasoro, ila uzito umerudi, dawa hizi zijadiliwe kabla ya kisu.

#8 MwanaLishe_Tanga

Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza ini. Ini lenye mafuta linafunika eneo la kazi, na kwenye marudio tayari limegandana na tumbo la zamani. Lengo ni kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo sana. Kwa chakula chetu: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na chai bila sukari, mchana samaki wa kuchemsha au kuku bila ngozi, kipande cha kiganja, na mchicha au matembele kwa kijiko kimoja cha mafuta, jioni bilauri mbili za mtindi usio na sukari, au supu ya kuku iliyoondolewa mafuta. Hakuna ugali, wali, chapati, ndizi, mihogo, juisi wala soda. Maji lita mbili.

Tahadhari moja kubwa: mwenye kisukari anayetumia insulini, glibenklamaidi au gliklazaidi asianze mlo huu kabla dozi haijapunguzwa. Sukari itashuka usiku. Na anayemeza dawa za presha apime kila siku.

#9 NesiTheatre

Siku zenyewe. Operesheni ya marudio ni ndefu kuliko ya kwanza, maana saa nzima inaweza kuishia kwenye kutenganisha vilivyogandana. Hatari ya kuvuja nayo iko juu zaidi. Kubali mapema kwamba wanaweza kukuta hali mbaya ndani wakabadilisha mpango au wakaishia njiani. Hiyo ni busara, na iwe imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa.

Ukizinduka, unasimama na kutembea siku hiyo hiyo, saa chache tu baadaye, hata hatua kumi. Sindano ya tumboni ya kuzuia damu kuganda inaendelea, na kwa wengi wa marudio inakwenda nyumbani wiki mbili hadi nne. Jifunze kujichoma kabla hujaruhusiwa: pembeni ya kitovu umbali wa vidole vitatu, badilisha upande kila siku, usisugue.

Maji: kikombe cha dawa cha mililita 30, ukimalize ndani ya dakika 15, uanze kingine. Tumia saa ya simu.

Dalili za kuvuja usizisubirie homa. Ya kwanza ni moyo: mapigo zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umelala. Nyingine ni pumzi fupi, maumivu ya bega la kushoto, wasiwasi mkubwa usio na sababu, kisha homa ya 38 na zaidi. Kuvuja kwingi hutokea siku kumi za mwanzo, yaani ukiwa tayari nyumbani. Kama umefanyiwa nje ya nchi, usipande ndege siku ya tano kwa sababu tiketi ilikatwa mapema. Panga kukaa karibu na hospitali angalau wiki mbili, na ndani ya ndege vaa soksi za kubana, kunywa maji, tembea kila saa.

#10 Binti_Mzizima

Nyumbani tunaambiwa mgonjwa anywe uji. Uji wa lishe ule wa mchanganyiko unafaa?

#11 MwanaLishe_Tanga

Swali zuri, dada, kwa sababu uji ndio unaowaharibia wengi. Uji mzito wa mchanganyiko wenye sukari ni wanga mtupu unaoteleza, tena baada ya baipasi unaweza kukutupa chini: dakika 10 hadi 30 baadaye moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linasokota, kuhara. Uji mwembamba wa wimbi, uliochujwa, bila sukari, uliopikwa kwa maziwa, unafaa kuanzia siku ya tatu hivi kama sehemu ndogo. Usiwe chakula kikuu.

Ngazi ni hizi, na mpasuaji wako akisema tofauti mfuate yeye. Siku mbili za kwanza: maji, supu ya mifupa iliyochujwa na kuondolewa mafuta, chai nyepesi bila sukari. Hadi mwisho wa wiki ya pili: maziwa, mtindi laini, supu iliyosagwa na kuchujwa. Wiki ya tatu na ya nne: vyakula vya kusaga, yaani samaki asiye na miiba, maharage yaliyochujwa maganda, yai laini. Wiki ya tano na ya sita: laini vya kupondeka kwa uma. Baada ya hapo vya kawaida, ukitanguliza protini. Ugali, wali na chapati vinakuja mwisho, na mkate mlaini ndio unaokwama vibaya zaidi kwa sababu unageuka donge. Nyama choma isubiri mwezi wa tatu, na hata hapo vipande vya ukubwa wa punje ya harage.

Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Hesabu: yai 6, bilauri ya maziwa ya mililita 250 ni 8, kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 ni 20 na zaidi, nusu kikombe cha maharage 7. Dagaa wakavu waliosagwa unga laini ni hazina: kijiko kikubwa kinakupa gramu tano au sita na kalsiamu juu yake. Ondoa vichwa, osha mchanga, kaanga bila mafuta, saga, chekecha. Maziwa yaongezee nguvu kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, vijiko vinne vikubwa kwa nusu lita.

Usinywe ukila. Maliza kula, subiri dakika 30.

#12 MfamasiaMwanza

Vitamini baada ya baipasi ni za maisha yote, nazo ni hizi: multivitamini kamili kila siku; chuma halisi miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi; kalsiamu sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa 500 kwa mkupuo; vitamini D yuniti 3,000; B12 ya kumeza mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku, au sindano ya 1,000 kila mwezi. Kalsiamu kabonati imejaa madukani lakini inahitaji asidi kuyeyuka, na kifuko chako hakina ya kutosha. Chuma na kalsiamu vitenganishe saa mbili. Chuma na chai ya rangi vilevile.

Waliopo kwenye dolutegravir (dawa ya VVU): kalsiamu na chuma vinaishika dawa isiingie kwenye damu. Meza dolutegravir saa mbili kabla ya virutubisho hivyo, au saa sita baada yake, au vyote pamoja na chakula. Levothairoksini (dawa ya tezi ya shingo) itenganishe na virutubisho hivyo saa nne.

Dawa za kutolewa polepole, kama metformini ya aina hiyo, ziulizie mbadala. Usiziponde. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi; kijiti au kitanzi ni salama zaidi, na mimba isubiri miezi 12 hadi 18.

Maumivu: paracetamoli tu. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini ya maumivu, meloksikamu, pirokisikamu, hapana, hata kwa sindano. Sindano nayo inapita kwenye damu na kuondoa kinga ya utando wa tumbo. Kwenye zahanati zetu mtu akisema mgongo unauma anachomwa diklofenaki kabla hajamaliza sentensi. Wewe ndiye wa kusema hapana. Kidonda kikitokea kwenye mshono, omeprazoli ya kapsuli ifunguliwe, chembe zimezwe na kijiko cha mtindi bila kuzitafuna. Hupona haraka kuliko kumeza kapsuli nzima.

#13 NesiTheatre

Naomba niongeze moja ambalo linavunja watu. Kutapika. Mtu akitapika kila siku kwa wiki mbili, akiba ya thayamini (B1) inaisha. Anaanza kuyumba akitembea, macho yanaona viwili au yanacheza, anachanganyikiwa. Anapelekwa zahanati, anaonekana amekauka, anatundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi inateketeza B1 iliyobaki na ubongo unaumia, wakati mwingine moja kwa moja. Mpangilio sahihi ni thayamini kwenye mshipa kwanza, kwa kawaida miligramu 200 au zaidi mara tatu kwa siku, ndipo glukosi. Wakati wa kusubiri, dripu ya chumvi haina shida hiyo. Na sababu ya kutapika itafutwe: mshono uliobana unahitaji kamera na puto la kutanua, haumalizwi na dawa ya kichefuchefu.

#14 Mkuu_wa_Pwani

Maumivu ya tumbo miezi mingi baadaye je? Na Ramadhani?

#15 NesiTheatre

Maumivu yanayokuja na kuondoka kama msokoto, hasa baada ya kula, katikati au kushoto juu, na uzito umeshapungua sana: fikiria utumbo umepenya kwenye upenyo uliobaki nyuma ya kiungo kipya. Mafuta ya ndani yakiyeyuka upenyo unapanuka. Picha ya CT inaweza kutoka safi na bado utumbo umenaswa. Yakiwa makali au hayaachi, ni hospitali yenye mpasuaji, usiku huo huo. Mama mjamzito mwenye baipasi asiambiwe ni kiungulia cha mimba bila kuonwa na mpasuaji. Maumivu ya kulia juu baada ya vyakula vya mafuta ni mawe ya nyongo hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa mwenye kifuko cha nyongo bado, ursodiol miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa miezi sita hupunguza hatari hiyo.

#16 MwanaLishe_Tanga

Kuhusu saumu: mwaka wa kwanza usifunge. Lita moja na nusu ya maji na gramu 60 za protini kwa vikombe vidogo haviingii kati ya futari na daku. Ongea na shehe wako mapema, mgonjwa ana ruhusa. Baadaye, ukiruhusiwa na daktari, fungua kwa maji, subiri, kisha protini. Tende ianze moja, si tatu, na tambi za sukari na kaimati ziache. Ukitetemeka na kuona giza saa moja hadi tatu baada ya vitamu, sukari imeshuka kwa kurudi nyuma.

#17 MfamasiaMwanza

Waliouliza PM kuhusu kadi ya mfukoni, andikeni hivi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ifunikeni kwa plastiki, na picha yake iwe kwenye simu ya mtu wa nyumbani:

"Nimefanyiwa baipasi ya Roux tarehe …, baada ya slivu ya mwaka …. Usinipe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini ya maumivu. Nikiwa natapika, nipe thayamini ya mshipa kabla ya glukosi. Usiingize mrija wa puani bila kumpigia mpasuaji. Maumivu makali ya tumbo: nahitaji mpasuaji, hata CT ikiwa safi. Namba ya mpasuaji: …"

Ya bendi au baipasi ya mshono mmoja, badilisheni mstari wa kwanza tu.